Kimya cha laptopu: utatuzi wa matatizo ya kuweka Debian ya amri yenye sauti na mtandao

Kwa mtu asiyeona anayeweka Linux, karibu kila tatizo huja na sura moja: kimya. Fleshi haikusomwa, kimya. Kadi ya sauti imezibwa, kimya. Mashine imeangukia hali ya dharura, kimya hicho hicho. Kwa hiyo kabla ya kutengeneza chochote, jua kwanza kimya ulichonacho ni cha hatua gani. Matatizo yaliyomo humu yamefuatana kama yanavyomkuta mtu kazini, tangu fleshi mpaka mashine ipate mtandao.

Tumechagua Debian, mojawapo ya aina za Linux, kwa sababu kisakinishi chake kinasema tangu swali la kwanza, na ukikiendesha kwa sauti, sauti hiyo huwekwa yenyewe kwenye mfumo mpya. Tangu Debian 12 iliyotoka Juni 2023, faili la ISO la kawaida, yaani faili moja lenye kisakinishi kizima, linakuja na fimuwea za kadi nyingi za Wi-Fi na za sauti, yaani zile programu ndogo zinazopakiwa ndani ya kifaa ndipo kifanye kazi. Chukua toleo la netinst (kisakinishi kidogo) la amd64 (mashine za biti 64). Debian 13, iliyotoka Agosti 2025, haina tena kisakinishi cha mashine za biti 32. Laptopu kongwe ya namna hiyo iwekee Debian 12.

Shika jambo moja kuliko yote yanayofuata: mashine ya amri, yaani inayoendeshwa kwa kuandika amri bila madirisha, iwe na milango miwili, sauti na SSH (njia ya kuingia kwenye mashine kupitia mtandao). Sauti ikifa, unaingia kwa SSH kutoka simu au kompyuta nyingine yenye kisoma skrini. Mtandao ukifa, unautengeneza kwa sauti. Aliyebaki na mlango mmoja, ukifungwa huo amekwama. Ndiyo maana usiguse mipangilio ya sauti na ya mtandao kwa pamoja. Tengeneza mmoja huku umeshikilia mwingine.

Uwe na fleshi ya GB 2 au zaidi, hedifoni za waya (za Bluetooth hazifanyi kazi ndani ya kisakinishi), simu ya Android, na waya wake wa USB unaopitisha data. Waya nyingi za bei rahisi za madukani hupitisha chaji tu, na ukiwa nao huo utahangaika saa nzima ukiilaumu Linux bure.

## Fleshi iko ndani, lakini inafunguka Windows

Chanzo cha kawaida ni kitufe. Menyu ya kuchagua cha kuwashia hufunguliwa na F12 kwenye Dell, Lenovo na Toshiba nyingi, Esc kisha F9 kwenye HP, na Esc kwenye laptopu za Asus. Acer hutumia F12 pia, lakini mara nyingi kitufe hicho kimezimwa mpaka ukiwashe kwenye BIOS, mipangilio ya mashine yenyewe iliyo chini ya mfumo. Menyu hizi hazisemi, wala hakuna kisoma skrini kinachozifikia, kwa sababu hakuna mfumo uliokwisha kuwaka. Hapo mwombe mwenye macho dakika mbili, au elekeza kamera ya simu kwenye kioo na umpigie mtu kwa video.

Kama Windows ipo na inasema, pita njia ya ndani. Fungua dirisha la amri uandike:

```
shutdown /r /o /t 0
```

Mashine itawaka kwenye menyu ya urekebishaji, na humo Narrator, kisoma skrini cha Windows, huamka kwa Ctrl, Windows na Enter. Chagua kutumia kifaa, kisha fleshi yako. Laptopu ikiwa na BitLocker (usimbaji wa diski wa Windows), pata ufunguo wake wa kurejesha kabla hujabadili chochote kwenye BIOS, la sivyo Windows itakudai tarakimu 48 usizokuwa nazo.

Fleshi haipo kabisa kwenye orodha? Basi faili limeandikwa vibaya au lilipakuliwa nusu. Kwenye Windows, hakiki kwa `certutil -hashfile debian.iso SHA256` ulinganishe na SHA256SUMS inayotolewa pamoja na ISO. Zikitofautiana hata herufi moja, pakua upya, usijaribu bahati. Kunakili ISO ndani ya fleshi kama wimbo hakufanyi kazi. Tumia Rufus, programu ya Windows ya kuandikia fleshi, na uchague hali ya DD, au ukiwa kwenye Linux:

```
sudo dd if=debian.iso of=/dev/sdX bs=4M oflag=sync status=progress
```

Hiyo sdX ihakiki kwa `lsblk` kabla ya kubonyeza Enter. Ukikosea herufi, unafuta diski nzima.

## Fleshi imesomwa, lakini hakuna sauti

Menyu ya Debian inapofunguka hutoa mlio mfupi. Bonyeza `s`, kisha Enter, usubiri. Laptopu nyingi za siku hizi hazina ile spika ndogo ya ubao, kwa hiyo mlio hautoki ingawa menyu ipo. Usiusubiri. Hesabu sekunde 20 tangu uchague fleshi, bonyeza `s` na Enter, kisha ipe dakika moja nzima. Fleshi ya polepole hula muda.

Bado kimya? Chomeka hedifoni uanze tena. Zima kabisa HDMI: kama kuna runinga au kioo cha nje, chomoa. Laptopu nyingi zina kadi mbili za sauti, na ya HDMI mara nyingi ndiyo nambari 0. Debian ikiona kadi zaidi ya moja huzipitia moja moja na kukutaka ubonyeze Enter unapoisikia ile unayoitaka. Usibonyeze kitu kabla ya kusikia. Anayebonyeza Enter kwa haraka huwa ameichagua HDMI, na kazi yote inayofuata atakwenda nayo kiziwi.

Kadi ya sauti ya USB, ile kijiti kidogo chenye tundu la hedifoni, humaliza ubishi wote huu. Haihitaji fimuwea, Linux huitambua papo hapo, na hudumu kuliko tundu la laptopu iliyokula hewa ya chumvi. Kwa mashine zilizokaa miaka kadhaa karibu na pwani, tundu la hedifoni lenye kutu ni chanzo cha kuchunguzwa mapema: chomeka na chomoa mara kumi, zungusha kidogo, usikilize kama kuna mkwaruzo.

## Inasema, lakini maswali yanababaisha

Swali la kwanza, la lugha, husomwa kwa Kiingereza. Kila chaguo lina nambari. Unaandika nambari na Enter. Enter peke yake hukubali jibu lililopendekezwa. Alama ya `<` hukurudisha swali lililopita, na `!` hutoa jibu tupu. Sauti ikienda polepole mno, CapsLock na 6 huiharakisha, CapsLock na 5 huipunguza. CapsLock na 2 huikuza, CapsLock na 1 huishusha.

Sehemu nne ndizo zinazoharibu kazi.

Ya kwanza ni nchi. Ukichagua Kiingereza, Tanzania haimo kwenye orodha fupi. Nenda "other", kisha Afrika, kisha Tanzania. Halafu utaambiwa hakuna locale (mpangilio wa kienyeji) ya lugha na nchi hizo kwa pamoja. Hilo si kosa. Chagua en_GB.UTF-8 au en_US.UTF-8, uendelee. Saa itajipanga kwa Africa/Dar_es_Salaam.

Ya pili ni neno la siri la root, mtumiaji mkuu wa mashine. Ukiliweka, Debian haikupi sudo (amri ya kutenda kwa mamlaka ya root), na baadaye utasikia "sudo: command not found". Ukiliacha tupu, mtumiaji wa kwanza anapewa sudo. Acha tupu. Kama umekwisha kuliweka, ingia kwa `su -` (kistari kisisahaulike, bila hicho `adduser` haitaonekana), kisha:

```
apt install sudo
adduser jina sudo
```

Toka uingie tena ndipo kikundi kipya kitambulike.

Ya tatu ni kusimba diski. Swali la neno la kufungulia diski huulizwa kabla ya sauti kuamka, kila mara unapowasha. Unaweza kuandika kwa kukisia muda, na wapo wanaofanya hivyo kila siku. Ila kwa mashine ya kwanza usijiongezee kimya kingine.

Ya nne ni orodha ya programu karibu na mwisho. Hapo ndipo desktop (mazingira ya madirisha) huingia bila kualikwa na kula GB kadhaa za bando. Sikiliza nambari za "SSH server" na "standard system utilities", andika hizo mbili tu ukiziachia nafasi, kisha Enter. Ukibonyeza Enter tupu umekubali yaliyopendekezwa, na desktop imo. Hiyo SSH ndiyo mlango wako wa pili. Usiiache hata kama leo huna kompyuta nyingine.

## Kisakinishi hakioni mtandao

Hii isikusimamishe. Mfumo wa msingi wote umo ndani ya netinst. Chagua kutosanidi mtandao kwa sasa, kataa mirror (seva ya kupakulia programu), umalize, utautengeneza baadaye ukiwa na sauti imara. Hata SSH utaiongeza baadaye kwa `apt install openssh-server`.

Ukiutaka hapo hapo, njia ya uhakika kuliko zote ni simu ya Android kwa waya wa USB. Chomeka, washa kushiriki intaneti kwa USB kwenye mipangilio ya simu, kisha rudi kwa `<` mpaka menyu kuu na uchague kutambua upya vifaa vya mtandao. Ukiwasha baada ya hatua hiyo kupita, kisakinishi hakijui kuwa kimekuja kitu kipya. iPhone haifai hapa, inahitaji programu za ziada ambazo kisakinishi hakina.

Wi-Fi ikionekana lakini ikakataa kuunganika, tazama simu inayotoa hotspot kabla ya laptopu. Kadi kongwe zinajua GHz 2.4 peke yake, na simu nyingi mpya hurusha GHz 5. Nyingine hurusha WPA3 (aina mpya ya ulinzi wa Wi-Fi) tupu. Weka GHz 2.4 na WPA2, jina la hotspot liwe herufi za kawaida bila nafasi wala emoji, na neno la siri lisipungue herufi 8.

Kadi za Broadcom za laptopu za zamani za Dell na HP ni kundi lake. Baadhi yake fimuwea yao hairuhusiwi kuwekwa ndani ya ISO, lazima ipakuliwe na firmware-b43-installer au ijengwe na broadcom-sta-dkms, na vyote viwili vinaishi katika sehemu za contrib na non-free. Hiyo ya pili, kama Secure Boot (ulinzi wa mashine wakati wa kuwaka) imewashwa, itakudai kusajili ufunguo kwenye skrini ya buluu wakati wa kuwaka, skrini isiyosema neno. Tukishauri kwa dhati: nunua kijiti cha Wi-Fi cha USB chenye chipu ya Atheros AR9271 au MediaTek MT7601U, usipoteze wiki kwa Broadcom.

## Imemaliza, imewaka upya, sasa kimya

Hapa ndipo wengi hufuta wakaanza upya. Usifute.

Kwanza kitufe cha PrintScreen. Kwenye Speakup, kisoma skrini cha kwenye kerneli (kiini cha Linux), kitufe hicho huzima na kuwasha usemi, na kidole hukigusa bila kujua. Bonyeza mara moja, kisha mshale wa juu, usikilize.

Kama si hicho, ingia kwa upofu. Subiri dakika moja baada ya kuwasha. Andika jina la mtumiaji, Enter, subiri sekunde 2, neno la siri, Enter, subiri sekunde 5. Kisha:

```
sudo systemctl restart espeakup
```

Enter, halafu neno la siri tena na Enter. Sauti ikirudi, chanzo kimejulikana: espeakup, programu inayoipa Speakup sauti, iliamka kabla ya kadi ya sauti. Icheleweshe kidogo kwa kudumu. Toa `sudo systemctl edit espeakup` na uandike kwenye nafasi iliyoachwa juu:

```
[Service]
ExecStartPre=/bin/sleep 5
```

Isiporudi, pita mlango wa pili. Simu ya Android yenye TalkBack (kisoma skrini chake) na Termux (programu ya kuandikia amri) inatosha: ndani ya Termux, `pkg install openssh`, kisha `ssh jina@anwani`. Anwani ya IP hutaijua kwa kimya, ila ruta huwa na orodha ya waliounganika. Ili usiitafute tena, baadaye weka `avahi-daemon` kwenye laptopu. Kompyuta nyingine nyingi zitaipata kwa jina lake likifuatwa na `.local`. Kwenye Wi-Fi ya wageni, ya hoteli au ya ofisi, vifaa mara nyingi huzuiwa kuonana. Tumia hotspot ya simu yenyewe.

Ukishaingia, uliza kwa mpangilio huu:

```
cat /proc/asound/cards
systemctl status espeakup
lsmod | grep speakup
```

Orodha ya kadi ikiwa tupu, fimuwea haipo. Kwa laptopu mpya za Intel ni `firmware-sof-signed`. Kadi zikiwa mbili na espeakup inafanya kazi, sauti inakwenda HDMI. Tafuta jina la kadi sahihi ndani ya mabano ya mraba, mara nyingi PCH, kisha kwenye `/etc/default/espeakup` weka:

```
ALSA_CARD="PCH"
```

Na kwa programu nyingine, `/etc/asound.conf`:

```
defaults.pcm.!card PCH
defaults.ctl.!card PCH
```

Tumia jina, usitumie nambari. Nambari hubadilishana nafasi mashine inapowaka na kioo cha nje, na ugonjwa hurudi siku usiyoitarajia.

Kadi ni sahihi na bado kimya? Imezibwa:

```
amixer -c PCH sset Master 80% unmute
amixer -c PCH sset Speaker 80% unmute
amixer -c PCH sset Headphone 80% unmute
sudo alsactl store
speaker-test -D plughw:PCH -c 2 -t wav -l 1
```

Amri ya mwisho itatamka kushoto na kulia. Ukisikia, vifaa ni vizima na tatizo limebaki kwa espeakup peke yake. Usiposikia hata kwa hedifoni, hapo ndipo uwe na haki ya kushuku tundu au spika.

Dalili nyingine inayoudhi: sauti ipo lakini inakula silabi ya kwanza ya kila sentensi. Kadi inalala ili kuokoa betri, na hukosa mwanzo inapoamka. Andika mstari huu kwenye `/etc/modprobe.d/sauti.conf`, kisha washa upya:

```
options snd_hda_intel power_save=0
```

Na matamshi. Espeak inajua Kiswahili. Jaribu `espeak-ng -v sw "Mashine iko tayari"` baada ya kuweka pakiti ya espeak-ng. Ukiandika `VOICE=sw` kwenye `/etc/default/espeakup`, mashine yote itasoma kwa matamshi ya Kiswahili. Inapendeza kwa kusoma barua na vitabu. Kwa kazi ya amri hatuishauri, kwa sababu jumbe za mfumo ni za Kiingereza, na zikisomwa herufi kwa herufi utapitwa na kosa lililotajwa waziwazi. Acha Kiingereza wakati wa kutengeneza, geuza wakati wa kusoma.

## Mtandao ulikuwepo wakati wa kusakinisha, sasa haupo

Anza kwa kuuliza mashine inaona nini:

```
ip -br link
ip -br addr
sudo rfkill list
```

Kama hakuna jina linaloanza na `wl`, kadi haijatambuliwa. `sudo dmesg | grep -i firmware` itataja faili lililokosekana, na jina la faili hukuonyesha pakiti: iwlwifi ni `firmware-iwlwifi`, rtl au rtw ni `firmware-realtek`, ath ni `firmware-atheros`. Kama jina lipo lakini rfkill inasema "blocked", `sudo rfkill unblock wifi` huondoa kizuizi cha programu. Kizuizi cha "hard" ni swichi ya ubavuni mwa laptopu au kitufe cha Fn, hakitoki kwa amri.

Kadi ipo, haijafungwa, ila haina anwani. Sababu ya kawaida ni kwamba mfumo wa amri matupu hauna msimamizi wa Wi-Fi kama ule unaokuja na desktop. Unganisha simu kwa USB upate mtandao wa muda. Jina lake litakuwa `usb0` au litaanza na `enx`. Ongeza mistari hii kwenye `/etc/network/interfaces`, ukiweka jina uliloliona:

```
allow-hotplug usb0
iface usb0 inet dhcp
```

kisha `sudo ifup usb0`. Kutumia ifup kunakuepusha na swali la programu gani ya DHCP (inayoomba anwani ya mtandao) ipo. Debian 12 ilikuja na dhclient, Debian 13 inatumia dhcpcd. Mtandao ukishafika:

```
sudo apt update
sudo apt install network-manager
```

Sasa rudi ufute kwenye faili lile mistari yote uliyoiandika na ile ya Wi-Fi iliyoachwa na kisakinishi; ibaki ya `lo` na ule wa `source`. Hii ndiyo hatua inayosahaulika, na malipo yake ni NetworkManager, msimamizi wa mtandao uliyemweka sasa hivi, kukwambia kifaa ni "unmanaged", kwa maana kina mwenyewe. Halafu:

```
sudo systemctl restart NetworkManager
nmcli device wifi list
sudo nmcli --ask device wifi connect "JinaLaMtandao"
```

Tumia nmcli. Ile nmtui yenye visanduku huchorwa upya kila mshale unapobonyezwa, na Speakup hukusomea vipande visivyo na kichwa wala mkia. Sababu nyingine ya kupenda NetworkManager: baadhi ya simu hubadilisha anwani ya MAC (kitambulisho cha kifaa) kila zinaposhiriki mtandao kwa USB, hivyo jina la `enx` la leo si la kesho na mistari ya jana haimshiki. NetworkManager huipokea waya yoyote mpya bila kuuliza jina.

Umeunganika lakini kurasa haziji. Piga `ping -c 3 9.9.9.9`, kisha `ping -c 3 deb.debian.org`. Ya kwanza ikijibu na ya pili ikagoma, tatizo ni DNS (inayogeuza majina kuwa anwani), soma `/etc/resolv.conf`. Anwani yako ikianza na 169.254, ruta haikukupa kitu. Zote zikigoma ukiwa kwenye Wi-Fi ya hoteli au ya ukumbi, huenda kuna ukurasa wa kuingilia. Fungua `w3m http://deb.debian.org` (w3m ni kivinjari cha maandishi) na ujaze fomu itakayokuja.

Kwa waliomo Mji Mkongwe kuna chanzo kisichoonekana kwenye amri za kawaida: kuta. Ukuta wa mawe ya matumbawe na chokaa wenye unene wa nusu mita huyameza mawimbi. Pima kwa `sudo iw dev wlp2s0 link` (pakiti ni iw; wlp2s0 ni mfano, weka jina la kadi yako). Ukisoma signal ya -60 dBm uko salama. Ikishuka kupita -75, kukatika hakutaisha kwa kubadili mipangilio. Sogeza ruta kwenye mlango wa ndani au vuta waya wa mtandao.

## apt inagoma

"Release file is not valid yet" ni saa. Laptopu ya mtumba mara nyingi betri yake ndogo ya ubao, CR2032 kwa nyingi, imekufa, na kila ikikosa umeme hurudi miaka nyuma. Weka saa kwa mkono, kwa mfano `sudo date -s "2026-02-14 09:30"`, kisha `sudo timedatectl set-ntp true`. Betri nunua nyingine. Ni ya bei ndogo, na ikibaki mbovu tatizo litajirudia.

Ikikutaka uingize diski, umesakinisha bila mirror. Fungua `/etc/apt/sources.list`, weka `#` mbele ya mstari wa cdrom, uongeze (trixie ni 13, kwa 12 andika bookworm):

```
deb http://deb.debian.org/debian trixie main non-free-firmware
deb http://deb.debian.org/debian trixie-updates main non-free-firmware
deb http://security.debian.org/debian-security trixie-security main non-free-firmware
```

## Mashine ya nukta nundu haiamki

Ya USB iunganishe kabla ya kuwasha laptopu. Kisakinishi huitambua chenyewe, na brltty, programu ya nukta nundu, huwekwa kwenye mfumo mpya. Ya serial haiwezi kujitambulisha, lazima uitaje kwenye mstari wa kuwashia kwa `brltty=` ikifuatwa na dereva, tundu na jedwali. Baada ya kusakinisha, `systemctl status brltty` na faili la `/etc/brltty.conf` ndivyo vya kutazama: `braille-driver auto` na `braille-device usb:`. Nukta zikisomeka ovyo huku mashine inaitika, jedwali ndilo lililokosewa, vifaa ni vizima.

## Umeme umekatika, imewaka na haisemi tena

Unguja hupata umeme kwa waya wa chini ya bahari kutoka bara, na Pemba kwa waya wake kutoka Tanga, kwa hiyo panga kazi ukijua unaweza kukatika. Usianze kusakinisha laptopu ikiwa betri yake haishiki hata nusu saa. Umeme ukikatika katikati ya kugawa diski, anza upya tangu mwanzo. Usijaribu kuendelea palipokatikia.

Kwa mfumo uliokwisha kukaa, ext4 (mpangilio wa faili kwenye diski) hujirekebisha yenyewe mara nyingi, ukiipa dakika chache. Kimya kikidumu na SSH nayo haijibu, mashine huenda iko kwenye hali ya dharura, ambayo haiwashi espeakup. Chanzo kinachojirudia ni diski ya nje au fleshi iliyoandikwa kwenye `/etc/fstab` (orodha ya diski za kufungua wakati wa kuwaka) na ambayo safari hii haikuchomekwa. Mfumo huisubiri kama sekunde 90, kisha hukata tamaa. Ichomeke uwashe tena. Sauti ikirudi, fungua `/etc/fstab` na kwenye mstari wa diski hiyo geuza `defaults` iwe `defaults,nofail`.

Na kama SSH inakatika kila unapofunika laptopu, hiyo si hitilafu ya mtandao: mashine inalala. Kwenye `/etc/systemd/logind.conf` andika `HandleLidSwitch=ignore`, kisha washa upya.